Nani Alitenda? Uhakiki wa Vitabu vya Watoto Kuhusu Majimbo ya Marekani

Madhumuni ya makala haya ni kuchambua aina moja ya vitabu vya watoto ambayo haijadiliwi sana katika kurasa kama hizi. Hivyo ni vitabu vya maarifa, visivyo hadithi za kubuni, vilivyoandikwa ili kumtambulisha mtoto wa Marekani historia na utamaduni wa jimbo analoishi. Ni vitabu vyembamba, vyenye picha nyingi na maneno machache, na kwa sababu hiyo watu wazima huvipitia kwa haraka na kuviweka kando. Sisi twaona kwamba vyastahili kusomwa polepole, kwani mara nyingi ndivyo vya kwanza kumwambia mtoto kwao ni wapi, na ni nani aliye na haki ya kupaita mahali hapo kwao.

Huenda msomaji akauliza: walimu wa Kiswahili wa Uganda wana haja gani na vitabu vya Ohio na Virginia? Tunazo sababu mbili. Kwanza, vitabu vya aina hiyo hutufikia. Tangu mwaka 1988 shirika la Books For Africa, lenye makao yake katika jimbo la Minnesota, limekuwa likikusanya vitabu Marekani na kuvisafirisha katika makontena hadi nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Kitabu kilichoachwa na maktaba ya kule huanza maisha ya pili katika maktaba ya huku, wala hapana mtu aliyeketi karibu na msomaji ili kumweleza kimeandikwa na nani na kwa ajili ya nani. Pili, sisi wenyewe tumo katika kazi ya kuandika na kufasiri vitabu vya maarifa kwa Kiswahili, hasa tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali, mwezi wa Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Fundi anayeanza kazi hutazama mishono ya wenzake kabla ya kukata kitambaa chake. Basi na tuitazame mishono hii, tuone palipokazwa na palipolegea.

UMBO LA VITABU HIVI

Marekani ina majimbo 50, na katika mengi ya hayo mtoto wa darasa la nne, mwenye umri wa miaka tisa au kumi, husomeshwa historia ya jimbo lake. Desturi hiyo imezaa soko kubwa. Wachapishaji hawatoi kitabu kimoja, bali hutoa mfululizo mzima, kitabu kwa kila jimbo, vyote kwa kipimo kimoja. Katika miaka ya 1960 Allan Carpenter aliandika mfululizo mzima wa namna hiyo, ulioitwa Enchantment of America, na baada yake ikafuata misururu mingine mingi.

Aliyesoma vitabu viwili au vitatu vya aina hii ameshalijua umbo lake. Kwanza huja ramani, kisha mito, milima na hali ya hewa. Baadaye huja sura ya wenyeji wa kwanza, ambayo aghalabu ni fupi, halafu kuwasili kwa Wazungu, vita, na siku ambayo jimbo liliingia katika Muungano. Hufuata uchumi, watu mashuhuri, vyakula na sherehe. Mwishoni kuna orodha ya alama za jimbo: ndege wake, ua lake, mti wake na kaulimbiu yake.

Hatuna budi kuusifu utaratibu huu panapostahili. Mtoto hufundishwa kutafuta jambo mahali pake, kusoma ramani, na kutambua kwamba mto, kiwanda na wimbo vyaweza kuwa sehemu za habari moja. Huo ni msingi mwema wa elimu. Hata hivyo, umbo lililopangwa kabla ya habari kujulikana huilazimisha habari ikae lilivyo. Kila jimbo sharti liwe na ndege wake, hata kama ndege huyo hana jambo lolote la pekee la kulieleza jimbo hilo. Ndege mwekundu aitwaye kadinali ndiye ndege rasmi wa majimbo saba: Illinois, Indiana, Kentucky, North Carolina, Ohio, Virginia na West Virginia. Mtoto wa majimbo hayo saba hukariri jibu moja na kudhani amejifunza tofauti ya kwao na kwa wenzake.

Namna nyingine ya umbo ni ile ya alfabeti. Kampuni ya Sleeping Bear Press ya Michigan ilitoa mwaka 1999 kitabu kiitwacho M is for Mitten, kwa kuwa rasi ya kusini ya jimbo hilo ina sura ya glavu ya mkono, kisha ikaendelea hadi kila jimbo likawa na alfabeti yake. Katika vitabu hivyo kila herufi ina beti fupi la kusomewa mtoto mdogo, na pembeni pana maelezo marefu zaidi kwa aliyekua kidogo. Mpango huo ni wa busara sana. Kitabu kimoja chaweza kumtumikia mtoto wa miaka mitano pamoja na dada yake wa miaka kumi, na mwalimu mwenye darasa la watoto wa vipimo mbalimbali atauonea wivu.

Lakini alfabeti ina kasoro ambayo usanifu mzuri hauwezi kuiponya. Herufi zote ni sawa. Chini ya A panaweza kuwa tunda, chini ya B vita, chini ya C ua. Na vyote vitatu hupewa ukurasa mmoja mmoja. Aidha, mambo hupangwa kwa herufi zake bila kufuata sababu zake, hata biashara ya pamba ikawa mbali na mtumwa aliyeichuma, na reli ikawa mbali na watu waliohamishwa ili ipite. Historia ni elimu ya kuunganisha tukio na chanzo chake. Alfabeti huvitenganisha. Kwa hiyo anayetaka kuiga mpango huo kwa Kiswahili, ambacho kwa bahati njema hakina Q wala X za kumhangaisha, ajue kwamba alfabeti yaweza kuwa mlango wa maarifa, ila isifanywe nyumba yenyewe.

KAULI TATU ZA KITENZI

Sasa tuingie katika jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili analijua kuliko wengi. Lugha yetu ina kauli ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendeka. Tukisema, "Juma amevunja mtungi," tumemtaja mtu na tendo. Tukisema, "Mtungi umevunjwa," tunajua kuwa yupo aliyevunja, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Tukisema, "Mtungi umevunjika," swali hilo limezimwa, mtungi umejivunjikia. Kila mwanafunzi wetu aliyevunja kitu nyumbani aijua vyema tofauti hiyo, na huchagua kauli ya tatu bila kufundishwa.

Tuvipime vitabu vya majimbo kwa kipimo hicho, tukianza na Hawaii. Tarehe 17 Januari 1893, kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba, wengi wao Wamarekani au watu wa asili ya Marekani, walimwondoa Malkia Liliʻuokalani katika utawala wake, huku askari kutoka manowari ya Marekani iliyoitwa Boston wakiwa wameteremshwa mjini Honolulu. Mwaka 1898 Marekani ilivitwaa visiwa hivyo, na mwaka 1959 Hawaii ikawa jimbo la 50. Mwaka 1993, miaka mia moja baada ya tendo lenyewe, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuwaomba radhi wenyeji wa Hawaii.

Mwandishi wa watoto aweza kuandika: "Walimpindua malkia." Aweza kuandika: "Malkia alipinduliwa." Au aweza kuandika: "Ufalme ulianguka, na baadaye Hawaii ikawa sehemu ya Marekani." Katika sentensi hizo tatu hapana uongo. Hata hivyo ile ya tatu yamfundisha mtoto kwamba falme huanguka kama embe bivu, na kwamba visiwa vyaweza kuwa vya mtu mwingine kama asubuhi iwavyo mchana. Mtoto mwenyeji wa Hawaii anaposoma sentensi hiyo hapewi nafasi ya kuuliza swali ambalo Bunge lenyewe limekwisha kulijibu.

Jambo hilo hilo laonekana katika sura za utamaduni. Kitabu kinachotaka kumwonyesha mtoto utamaduni wa Hawaii hukimbilia shada la maua la kuvaa shingoni, ngoma ya hula na neno la salamu. Hayo ni mema na ya kweli. Lakini mwaka 1896, miaka mitatu baada ya malkia kuondolewa, sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na lugha ya Kihawaii ikasukumwa nje ya darasa. Mwaka 1978 katiba ya jimbo ilikirudishia Kihawaii hadhi ya lugha rasmi, na tangu mwaka 1987 zikaanzishwa shule za umma zinazofundisha kwa lugha hiyo. Kwetu sisi walimu wa lugha, hiyo ndiyo habari ya utamaduni iliyo kubwa kuliko maua yote. Kitabu kinachotaja salamu na kunyamaza juu ya lugha iliyoitoa salamu hiyo kimemwonyesha mtoto jani na kumficha mti.

VIRGINIA: KITABU CHA SERIKALI NA KITABU CHA HARAKA

Mfano wa Virginia wafundisha kwamba kosa katika kitabu cha mtoto laweza kutoka katika njia mbili tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni nia. Mwaka 1950 serikali ya jimbo hilo iliunda tume ya kusimamia uandishi wa vitabu vya historia ya Virginia kwa ajili ya shule. Kitabu cha darasa la saba, kilichoandikwa na Francis Butler Simkins na wenzake wawili, kilitoka mwaka 1957 na vitabu vya mpango huo vikatumika hadi miaka ya 1970. Kitabu hicho chaeleza utumwa kama uhusiano wa mapenzi na wema kati ya bwana na mtumwa. Picha yake moja yaonyesha familia ya Waafrika juu ya sitaha ya meli, imevaa nguo nadhifu, na baba wa familia anapeana mkono na Mzungu kama mgeni anayekaribishwa karamuni. Tukumbuke kwamba Waafrika wa kwanza walioletwa Virginia chini ya utawala wa Waingereza, mwaka 1619, walikuwa wametekwa pande za Angola, katika nchi ya watu wanaosema Kimbundu, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Hawakupeana mkono na mtu.

Wakati uliokizaa kitabu hicho ndio unaokifasiri. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Viongozi wa Virginia waliikataa hukumu hiyo, hata wilaya ya Prince Edward ikazifunga shule zake zote za umma kuanzia mwaka 1959 hadi mwaka 1964 ili mtoto mweusi asiketi na mtoto mweupe. Basi kitabu kilikuwa kikimwambia mtoto kwamba watu weusi na weupe wa jimbo lake walipendana tangu zamani, na katika wilaya hiyo milango ya shule ilikuwa imefungwa kwa minyororo ya siasa. Picha ya meli ilikuwa silaha katika ugomvi wa siku hizo, ingawa ilijidai kusimulia mambo ya miaka mia tatu nyuma.

Njia ya pili ni uzembe. Mwaka 2010 watoto wa darasa la nne wa Virginia walikuwa wakisoma kitabu kiitwacho Our Virginia: Past and Present, kilichoandikwa na Joy Masoff. Humo ilidaiwa kwamba maelfu ya watu weusi walipigana upande wa majimbo ya kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, yaani upande uliopigania utumwa uendelee, na kwamba vikosi viwili vya watu hao vilikuwa chini ya Jenerali Stonewall Jackson. Mtu aliyeligundua kosa hilo alikuwa Carol Sheriff, mwanahistoria wa chuo cha William & Mary, ambaye mtoto wake alikuwa akikisoma kitabu hicho. Mwandishi alieleza kwamba habari hiyo aliipata katika intaneti, na ikaonekana kwamba chanzo chake ni kazi za chama cha wazao wa askari wa kusini.

Kosa hilo lingegunduliwa na yeyote aliyeweka tarehe mbili kando kwa kando. Jenerali Jackson alifariki mwezi wa Mei 1863. Bunge la majimbo ya kusini lilipitisha sheria ya kuandikisha askari weusi mwezi wa Machi 1865, wiki chache tu kabla ya vita kwisha. Marehemu hawezi kuamrisha vikosi ambavyo havijaundwa. Wanahistoria walipokichunguza kitabu walikuta makosa mengine: kwamba majimbo yaliyojitenga yalikuwa 12, ilhali yalikuwa 11, na kwamba Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1916, ilhali ni mwaka 1917.

Twasisitiza mfano huu kwa sababu wako watu wanaoamini kwamba kitabu cha mtoto ni kazi nyepesi isiyohitaji mtaalamu. La hasha. Mtu mzima akisoma uongo ana vitabu vingine vya kuupimia. Mtoto wa miaka tisa ana kimoja tu, tena amepewa na mwalimu.

MISSISSIPPI: KITABU KILICHOKWENDA MAHAKAMANI

Mwaka 1974 kilitoka kitabu kiitwacho Mississippi: Conflict and Change, kilichosimamiwa na James Loewen na Charles Sallis. Loewen alifundisha katika chuo cha Tougaloo, ambacho kwa desturi kilikuwa cha watu weusi, na Sallis katika chuo cha Millsaps, ambacho kwa desturi kilikuwa cha watu weupe. Wanafunzi wa vyuo vyote viwili walishiriki katika kuandika. Kitabu kilikusudiwa darasa la tisa. Kilikuwa na jambo ambalo vitabu vilivyotangulia vya jimbo hilo vililikwepa: kilitaja kwa majina na kwa picha mambo ya utumwa, ya kuuawa kwa watu weusi mikononi mwa umati, na ya mapambano ya haki za raia.

Kamati ya jimbo ya kupima vitabu ilikuwa na wajumbe saba. Watano weupe walikikataa. Wawili weusi walikikubali. Waandishi, pamoja na wengine waliowaunga mkono, wakaenda mahakamani. Katika kesi hiyo mjumbe mmoja wa kamati alieleza kwamba picha ya mtu aliyeuawa na umati ingemtia mwalimu taabu ya kulidhibiti darasa, na kwamba mambo hayo ni ya zamani. Jaji Orma Smith alimwuliza kama mambo hayo hayakutokea Mississippi, na kama kitabu kile si kitabu cha historia. Mwaka 1980 mahakama iliamua kwamba sababu za kukikataa kitabu zilikuwa za ubaguzi wa rangi, na ikaamuru kiruhusiwe shuleni.

Kwa upande wa uhakiki, kitabu hiki chatufunza kwamba migongano yaweza kuwa mhimili wa kitabu cha shule. Neno hilo limo katika jina lake. Vitabu vingi vya majimbo hupanga historia kama ngazi inayopanda daima: kila mwaka ni bora kuliko uliotangulia. Kitabu cha Loewen na Sallis kiliipanga kama shauri baina ya watu wenye haja tofauti, ambapo wengine walishinda na wengine wakashindwa, na walioshindwa hawakuwa wakosaji. Mwanafunzi hutakiwa kuamua, na si kukariri tu.

JE, MTOTO AAMBIWE YOTE?

Wako wanaopinga, na hoja yao hatuidharau. Wanasema kwamba mtoto ana haki ya kuipenda nchi yake kabla ya kuihukumu, na kwamba kumjaza damu na majivu kabla hajakomaa ni kumvunja moyo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kitabu ambacho hakina ila huzuni nacho ni kitabu pungufu, kwani humwonyesha mtoto wa watu walioonewa kwamba babu zake hawakuwa na kazi nyingine duniani ila kuonewa.

Jibu letu ni kitabu kimoja cha Oklahoma. Jimbo hilo, ambalo jina lake latokana na maneno ya Kichoctaw yenye maana ya watu wekundu, lilishuhudia mauaji makubwa katika mji wa Tulsa tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Umati wa watu weupe uliuvamia mtaa wa Greenwood, makao ya watu weusi waliokuwa wamejijengea biashara na maisha ya heshima, ukateketeza eneo la mapande 35 ya nyumba. Makadirio ya waliokufa hufika watu 300. Kwa miongo mingi shule za jimbo hazikulitaja tukio hilo, hadi tume iliyoundwa mwaka 1997 ilipotoa taarifa yake mwaka 2001. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Mwaka 2021 mwandishi Carole Boston Weatherford na mchoraji Floyd Cooper walitoa kitabu cha picha juu ya habari hiyo, Unspeakable: The Tulsa Race Massacre. Cooper alizaliwa Tulsa, na babu yake alinusurika katika mauaji yale, ndiye aliyemsimulia. Kitabu huanza kwa mwanzo wa ngano, kama sisi tusemavyo "Hapo zamani za kale", na mwanzo huo hurudiwa mara kwa mara. Kurasa za mbele ni za mtaa ulio hai: madaktari, makanisa, magazeti, hoteli, ukumbi wa sinema, wanawake wanaotengenezwa nywele. Mtoto hukaa Greenwood muda wa kutosha kuupenda mji kabla haujachomwa. Ukija msiba, hamwoni mtu aliyezaliwa ili ateswe. Anamwona jirani aliyeporwa. Na moto hauzuki wenyewe. Kitabu kinataja ni nani waliouwasha.

Picha nazo zafaa kutazamwa. Cooper alikuwa na desturi ya kupaka rangi ya mafuta ubaoni, kisha kuifuta kwa kifutio hadi sura za watu zitokeze. Sura hizo zina wororo wa picha za zamani, hazina ukali wa kumtisha mtoto, lakini macho ya watu humtazama msomaji moja kwa moja. Kazi hiyo ilipewa heshima ya Caldecott mwaka 2022 na tuzo za Coretta Scott King kwa mwandishi na kwa mchoraji. Cooper mwenyewe alifariki mwezi wa Julai 2021.

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina udhaifu mahali pake pa mwisho. Msomaji hutolewa katika majivu na kufikishwa katika bustani ya upatanisho iliyopo Tulsa siku hizi, na safari hiyo yaonekana fupi mno. Tume ya mwaka 2001 ilipendekeza fidia. Mwezi wa Juni 2024 Mahakama Kuu ya Oklahoma iliikataa kesi ya wazee wa mwisho walionusurika. Upatanisho bado ni shauri lililo wazi, na twadhani mtoto wa miaka kumi angeweza kuambiwa hivyo.

MAFUNZO KWETU

Kutokana na haya twapendekeza kwamba mwalimu anapokishika kitabu cha aina hii, kiwe cha Marekani au cha kwetu, akiulize maswali manne. Vitenzi vyake vina watenda, au mambo hujitendekea? Wenyeji wa kwanza wamewekwa katika sura moja ya zamani, au wanaendelea kuishi hadi ukurasa wa mwisho? Utamaduni umeonyeshwa kama vyakula na mavazi tu, au pia kama lugha, sheria na kazi? Na mtoto ambaye babu zake walishindwa atajiona wapi katika kitabu hicho?

Maswali hayo si ya Wamarekani peke yao. Hapa Uganda, katika miaka ya 1890, Waingereza waliokuwa vitani na Kabalega waliitwaa sehemu ya ardhi ya Bunyoro na kuipa Buganda. Na mwezi wa Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya maoni wakachagua kurudi Bunyoro. Atakayeandika kitabu cha Kiswahili kwa watoto juu ya jambo hilo atakuwa na wasomaji wa Hoima na wasomaji wa Mengo katika darasa moja. Akiandika kwamba ardhi "ilihama", atawaridhisha wote kwa siku moja na kuwadanganya wote kwa maisha yao. Akiandika ni nani aliyetwaa, ni nani aliyepewa na ni nani aliyepiga kura, huenda darasa likawa na makelele kidogo. Makelele hayo mwalimu aweza kuyaongoza.

Waandishi wetu wasiache kuchukua kutoka vitabu vya majimbo ramani zilizo safi, picha zenye heshima, na ule mpango wa beti kwa mdogo na maelezo kwa mkubwa. Wauache ndege wa orodha, kama hana la kusema. Lakini zaidi ya yote, kabla ya kitabu kwenda kwa mchapaji, wapitie kila sentensi yenye kitenzi cha kutendeka, na kila walipokuta kwamba jambo limejitendekea, watafute aliyelitenda na kumwandika.